Rangi Inapobanduka kwenye Vyungu vya Maua: Dalili, Visababishi na Namna ya Kurekebisha

Rangi iliyopakwa kwenye chungu cha maua hushambuliwa na maji kutoka upande ambao mpakaji haoni. Ukuta wa nyumba hupigwa na mvua usoni, kisha jua hutoka na kuukausha. Ukuta wa chungu hunyweshwa kutoka ndani kila mmea unapomwagiliwa, na sehemu ya unyevu huo hutafuta njia ya kutoka kwa kupenya kwenye udongo uliochomwa hadi nje. Ndiyo maana rangi inayodumu miaka mingi kwenye ukuta wa sebule inaweza kuvimba na kubanduka kwenye chungu baada ya muda mfupi, na ndiyo maana wanaorudia kupaka nje peke yake huirudia kazi ileile mwaka hadi mwaka. Kila dalili inayoelezwa hapa chini itafuatwa kwanza kwa swali la maji: yametoka wapi, na yalikuwa yakielekea wapi rangi ilipoyazuia?

Udongo wa mfinyanzi hugeuka kigae pale moto unapoyaondoa maji yaliyofungamana na chembe zake, jambo linalotokea takriban kati ya nyuzi 450 na 600 za Selsiasi. Vyungu vya tanuri kwa kawaida huchomwa kwenye nyuzi 900 hadi 1,000 hivi, ilhali vile vinavyochomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, kama wafanyavyo wanawake wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hupata joto la chini zaidi na lisilo sawa pande zote. Aina zote mbili hubaki na vitundu vidogo visivyohesabika ndani ya ukuta wake, lakini chungu cha uwanjani hunywa maji kwa haraka zaidi, na upande mmoja huweza kunywa kuliko mwingine. Hiyo si kasoro ya mfinyanzi. Ni tabia ileile inayoufanya mtungi upoze maji ya kunywa, kwa kuwa unyevu unaojitokeza nje ya mtungi hukauka na kuondoka na joto. Kinachotakiwa ni mpakaji kuijua tabia hiyo kabla ya kufungua kopo la rangi.

Majaribio mawili mepesi yanatosha kukitambulisha chungu kipya. Kwanza, kiinue na ukigonge kwa kifundo cha kidole: chungu kizima kilichoiva hutoa mlio wa wazi, na chenye ufa uliojificha hutoa sauti butu. Ufa huo utapasua rangi hata ukipakwa matabaka kumi. Pili, dondosha tone la maji ubavuni. Likimezwa mara moja, chungu kina kiu na kitahitaji praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, au tabaka la kwanza la rangi iliyozimuliwa. Likisimama kama shanga, basi juu yake kuna mafuta, nta, vanishi ya zamani au dawa ya siliconi, na rangi yoyote utakayoiweka haitapata pa kushika.

Usome kwanza mgongo wa gamba la rangi

Watu wengi wakiona rangi imebanduka hukimbilia msasa, na kwa kufanya hivyo hufuta ushahidi wote. Kabla ya kukwangua, chukua kisu chenye ncha, inua gamba moja kubwa bila kulivunja, kisha uligeuze na kuutazama mgongo wake pamoja na mahali lilipotoka. Hatua hii ndogo ndiyo inayotenganisha matatizo yanayofanana kwa nje na yanayotaka tiba tofauti kabisa.

Mgongo ukiwa umeshika vumbi jekundu la udongo, rangi ilishika vizuri lakini udongo wenyewe ndio ulioachia. Maana yake ni kwamba chungu kilipakwa kikiwa na vumbi, au uso wake ni laini kwa sababu hakikuiva sawasawa. Mgongo ukiwa safi, na udongo ulio chini yake ukiwa na rangi iliyokoza na ubaridi wa majimaji, maji yamesukuma kutoka ndani. Ukiona chembechembe nyeupe zinazometa, au unga unaosagika vidoleni, chumvi imejijenga kati ya rangi na chungu. Na iwapo mgongo una rangi tofauti, yaani umebanduka kutoka kwenye tabaka lililotangulia na si kutoka kwenye udongo, basi ugomvi ni wa rangi kwa rangi: tabaka la chini lilikuwa linang'aa bila kupigwa msasa, au lilikuwa halijakauka, au rangi ya maji ilipakwa juu ya rangi ya mafuta isiyotayarishwa.

Chungu kimoja kinaweza kuwa na mbili kati ya hali hizi kwa pamoja. Kitakoni mara nyingi utakuta chumvi, na karibu na mdomo ukakuta unyevu. Inua magamba sehemu zaidi ya moja.

Malengelenge na magamba yenye unyevu chini yake

Mahali malengelenge yanapotokea huonyesha njia ambayo maji yamepita. Yakienea tumboni kote, ukuta wa ndani haukuzibwa kabisa au ulipakwa tabaka moja jembamba. Yakikizunguka kitako kama mshipi, chungu kinakaa kwenye kisahani chenye maji, na udongo unayanyonya kwenda juu hata kama ndani kumezibwa vizuri. Yakianzia mdomoni na kushuka, mpakaji aliishia na kizuia maji kwenye usawa wa udongo wa mmea, akauacha ukingo wa juu mtupu. Kila unapomwagilia, ukingo huo hunywa na kupeleka maji nyuma ya rangi. Na yakilizunguka tundu la chini, basi kuta za tundu lenyewe, ambazo ni sentimita moja au mbili tu za udongo mtupu, zilisahauliwa. Hili la tundu nalisisitiza kwa sababu ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na maji yote yanayotoka chunguni hupita hapo.

Tiba huanza kwa kukitoa kipando na kukikausha chungu. Usipake juu ya malengelenge yaliyotumbuliwa ukitumaini kwamba tabaka jipya litayafunika, kwa maana maji yaliyomo ukutani yatatafuta njia tena. Kwangua kila kilichoachia mpaka ufike kwenye rangi inayokataa kutoka, piga msasa kingo zake zilainike, sugua kwa brashi ngumu na maji safi bila sabuni nyingi, kisha uache chungu kivulini mahali penye upepo. Muda wa kukauka hutegemea unene wa ukuta na hali ya hewa, na kwa hiyo ni afadhali kuupima kuliko kuukisia: weka chungu kwenye mizani kila siku saa ileile, na uzito ukiacha kupungua, kimekauka. Asiye na mizani abandike kipande cha nailoni ubavuni jioni, akizibe pande zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na kukifungua asubuhi. Kukiwa na matone au udongo umekoza rangi chini ya nailoni, bado.

Kinachofuata ni kuziba ndani. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi zinapatikana dawa za namna nyingi, na kila moja ina tabia yake. Rangi ya akriliki ya kuzuia maji, ile inayopakwa kwenye mapaa ya zege na kuta za bafu, hutengeneza ngozi inayonyumbuka kidogo, haina harufu kali baada ya kukauka, na kwa vyungu vingi ndiyo ninayoipendekeza. Dawa za kupenya zenye siliconi haziweki ngozi, bali huifanya mishipa ya udongo isinyonye maji. Lakini hupungukiwa nguvu pale maji yanapokaa muda mrefu yakiegemea ukuta, na zikipakwa nje kabla ya rangi, rangi ya maji hujikunyata juu yake. Vanishi ya polyurethane hufanya kazi ikiwa ni matabaka matatu na imekomaa kabisa. Lami ya maji huziba vizuri kuliko zote na ni ya bei nafuu, ila ibaki kwa mimea ya mapambo tu, nayo iachwe ikomae mpaka harufu yake iishe kabla udongo haujaingia.

Tabaka la kwanza lizimuliwe kidogo kwa kadiri maelezo ya kopo yanavyoruhusu, ili lizame kwenye vitundu. La pili na la tatu yawe mazito zaidi, na brashi ipite kwa kukatiza mwelekeo wa tabaka lililotangulia. Anzia kitakoni, panda hadi mdomoni, vuka ukingo na ushuke nje sentimita mbili tatu, halafu uingize brashi nyembamba ndani ya tundu. Dawa ikishakomaa, ziba tundu kwa kizibo, jaza maji, na ukiache chungu usiku kucha juu ya karatasi kavu. Madoa yaliyokoza rangi ubavuni asubuhi yatakuonyesha mahali palipobaki wazi. Jaribio hili lifanyike kabla ya kupaka nje, kwa kuwa rangi ya nje ikishawekwa, uvujaji huo hauonekani tena mpaka utakapozaa malengelenge.

Kwa tatizo la kitakoni, chungu kiinuliwe juu ya vipande vitatu vya kigae ili kisiguse maji ya kisahani, na maji yanayobaki kisahanini yamwagwe ndani ya nusu saa.

Unga mweupe unaochomoza

Kwenye chungu kisichopakwa, utando mweupe ni suala la sura tu, na wapo wanaoupenda kwa jinsi unavyokifanya chungu kionekane cha kale. Kwenye chungu kilichopakwa ni jambo jingine. Maji yanayopita ukutani hubeba chumvi zilizoyeyuka. Yanapofika mwisho wa safari na kukauka, chumvi hubaki hapo na kugeuka chembe imara zenye pembe. Mwisho wa safari ukiwa nyuma ya rangi, chembe hizo hukua zikiisukuma rangi kutoka nyuma, na wakati mwingine huondoka nayo pamoja na ganda jembamba la udongo.

Chumvi hutoka sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni maji ya kumwagilia. Katika maeneo mengi ya pwani, Dar es Salaam na Mombasa zikiwemo, maji ya visima huwa na magadi au chumvi, na bustani inayoyategemea huona utando huu mapema. Ya pili ni mbolea za dukani, ambazo zenyewe ni chumvi. Anayeongeza kijiko kwa kuona mmea umedumaa huongeza pia mzigo wa ukuta wa chungu. Ya tatu ni udongo wa mfinyanzi wenyewe, ambao katika baadhi ya machimbo huja na chumvi zake, na hizo hujitokeza mara chungu kipya kinapoloweshwa kwa mara ya kwanza.

Kuzijua ni chumvi gani kunasaidia. Dondosha siki kwenye sehemu yenye unga: ikichemka na kutoa povu, ni chokaa, yaani kalisi iliyotoka kwenye maji magumu. Isipochemka, na unga ukayeyuka haraka ndani ya maji safi, ni chumvi nyepesi za sodiamu au za mbolea. Chokaa huondolewa kwa kukisugua chungu na siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kisha kukisuuza sana. Chumvi nyepesi hazihitaji siki, zinahitaji maji mengi na subira: ukavu kwanza, kwa kuufagia unga na brashi kavu ili usirudi ukutani, halafu chungu kilowekwe siku nzima, maji yamwagwe na kubadilishwa, na kazi hiyo irudiwe mara kadhaa. Wapo wanaotumia jiki kwa ajili ya ukungu wa kijani unaoambatana na unyevu, na inafaa ikizimuliwa, lakini siki na jiki zisikutane kamwe katika ndoo moja wala kwenye chungu kimoja kabla ya kusuuzwa, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu.

Baada ya hapo chungu kikaushwe, kizibwe ndani kama ilivyoelezwa, na chanzo kipunguzwe: mbolea nusu ya kipimo cha awali, na mara moja moja kumwagilia kwa wingi mpaka maji yatiririke chini yakisafisha udongo. Anayetegemea kisima cha chumvi na ana paa la bati anayo dawa nzuri zaidi juu ya kichwa chake, kwa maana maji ya mvua hayana karibu chumvi yoyote.

Kwa vyungu ambavyo chumvi haikomi kutoka hata baada ya juhudi hizi, naona busara ni kuachana na rangi za ngozi nzito na kurudia chokaa. Pwani ya Afrika Mashariki imepaka majumba yake kwa chokaa iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe kwa karne nyingi, na sifa yake kubwa ni kwamba inaruhusu mvuke upite. Chungu huloweshwa kidogo kwanza, chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji huchanganywa iwe nyepesi mfano wa maziwa, na hupakwa matabaka manne au matano membamba, kila moja likikauka kabla ya lijalo. Itapauka na kuachia unga kidogo nguoni, nayo itahitaji kurudiwa kila baada ya muda, lakini haitavimba. Mikono na macho yakingwe wakati wa kazi, maana chokaa mbichi huunguza.

Vishimo vinavyochimbika vyenyewe

Wakati mwingine rangi hutoka kwa mruko, ikaacha kishimo cha mviringo chenye nukta nyeupe katikati. Hapo rangi haina kosa. Udongo ulichanganyika na punje ya mawe ya chokaa, moto wa tanuri ukaigeuza chokaa hai, na punje hiyo ikanyonya unyevu taratibu, ikafura na kuvunja ukuta. Chimba nukta nyeupe yote itoke, jaza kwa lipu ya nje ya kuta, piga msasa na upake. Chungu chenye vishimo vingi namna hiyo hakifai kupotezewa rangi. Wafinyanzi wanaolijua tatizo hili hukitumbukiza chungu majini mara tu kinapotoka motoni kikiwa bado na joto, na muuzaji anaweza kuulizwa kama hilo lilifanyika.

Vitundu vya sindano, mabaka na utando wa maziwa

Vitundu vidogo kama vya sindano hutokana na hewa inayotoka ukutani. Chungu kilichokaa juani hadi kikapata joto, kisha kikapakwa, huendelea kupumua kupitia rangi mbichi. Kipakwe kivulini, na vizuri zaidi alasiri, wakati kinapoelekea kupoa badala ya asubuhi kinapoelekea kupata joto. Katika nyanda za juu, hata hivyo, alasiri ya Juni na Julai ina hatari yake, kwa sababu umande hushuka mapema na kulikuta tabaka halijashika. Huko kazi imalizike kabla ya saa tisa.

Mabaka yanayong'aa kando ya yasiyong'aa yanaonyesha kwamba chungu kilinywa rangi bila usawa. Praima moja ya akriliki ingeyazuia, na tabaka moja la ziada kwa kawaida huyamaliza.

Vanishi iliyogeuka nyeupe kama maziwa siku ileile ilipopakwa ilikutana na hewa yenye unyevu mwingi. Pwani, wakati wa masika kati ya Machi na Mei, ipo siku nzimanzima ambazo hazifai kwa kazi hii. Acha chungu mahali pakavu penye upepo kwa siku chache. Utando mwingi huondoka wenyewe, na usipoondoka, piga msasa laini na kurudia siku ya jua. Lakini vanishi ikigeuka nyeupe baada ya miezi, hasa kila baada ya kumwagilia, unyevu unatoka ndani, na suala linarudi kwenye kuziba.

Rangi inayonata au isiyokauka

Kabla ya jambo lolote, hakikisha kwamba chungu ni cha udongo. Vyungu vingi vinavyouzwa kandokando ya barabara ni vya saruji, vikiwa vimepakwa rangi nyekundu ya udongo, na kwa macho si rahisi kuvitambua. Kwaruza kitako kwa msumari: udongo hutoa vumbi jekundu au la kahawia, saruji hutoa la kijivu pamoja na mchanga. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa saruji mpya ina ukali wa magadi unaoishambulia rangi ya mafuta na kuigeuza kitu kinachofanana na sabuni, laini na chenye kunata, ambacho hakitakauka hata kikisubiriwa mwaka. Rangi hiyo haina budi kukwanguliwa yote. Chungu cha saruji kisubiri siku 28 tangu kufinyangwa, kisha kipate praima ya kustahimili magadi na rangi ya maji.

Kwa chungu cha udongo kweli, kunata husababishwa zaidi na haraka: tabaka nene, au la pili kuwekwa kabla ya la kwanza kukauka. Rangi nyingi za maji huruhusu kurudiwa baada ya saa mbili hadi nne, na za mafuta baada ya siku nzima hivi, lakini kukauka kwa kuguswa si kukomaa. Rangi ya maji huchukua wiki mbili hadi nne kufikia ugumu wake kamili, na vyungu vikipachikwa kimoja ndani ya kingine kabla ya hapo vitagandamana na kung'oana rangi.

Kupauka

Jua la ikweta halihurumii rangi, lakini haliziharibu zote kwa kiwango kimoja. Waridi, zambarau na baadhi ya nyekundu kali hupauka upesi, ilhali nyekundu ya udongo, kahawia na manjano ya udongo, ambazo asili yake ni kutu ya chuma, hustahimili miaka. Nyeupe inayogeuka manjano mara nyingi si nyeupe iliyobadilika, bali ni vanishi ya mafuta iliyo juu yake. Itumike ya akriliki ya maji.

Nyufa

Ufa mwembamba unaoonekana kwenye rangi peke yake unatokana na tabaka nene au rangi ngumu juu ya laini. Ufa unaoendelea hadi ndani ya udongo hautibiwi kwa rangi. Makete na Kitulo, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako jalidi hushuka usiku wa miezi ya baridi, chungu kilichoshiba maji huweza kumenyeka ganda zima, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Huko vyungu viingizwe barazani.

Mmea unaougua baada ya chungu kupakwa

Dalili hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu chungu kinaweza kuwa kizuri kabisa huku kilichomo kikifa. Majani hugeuka manjano kuanzia chini, hulegea kana kwamba yana kiu, na mwenye mmea huongeza maji. Tia kidole udongoni hadi sentimita tano. Ukikuta majimaji ilhali mmea umenyauka, mizizi inakosa hewa.

Chungu kitupu kilikuwa kikipunguza maji kupitia ukuta wake mchana kutwa, na mmwagiliaji alikwisha kuizoea kasi hiyo. Kilipozibwa ndani na nje, maji yaleyale yakabaki. Kwa hiyo kumwagilia kubadilike siku ileile chungu kinapobadilika: usifuate siku za zamani, fuata kidole. Mshubiri na mimea mingine ya nchi kavu huathirika kwanza, na kwa hiyo ningeiacha kwenye chungu kisichozibwa, kilichopakwa chokaa au kisichopakwa kitu. Waridi, yasmini na mimea mingine yenye kiu hunufaika na chungu kilichozibwa, hasa kwenye baraza lenye upepo.

Tundu la chini likaguliwe pia, kwa kuwa rangi na dawa hushuka na kulipunguza. Na ile desturi ya kuweka kokoto chini ya chungu haisaidii kama inavyodhaniwa. Maji hayaingii kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, hivyo kokoto hulisogeza eneo la majimaji karibu zaidi na mizizi. Kigae kimoja kilichopinda juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Iwapo mizizi ya upande mmoja imekauka ilhali ya upande wa pili ni mizima, tazama rangi ya chungu na mahali kilipo. Chungu cheusi au cha buluu nzito hupokea joto la jua, na kikiwa kimezibwa hakipozwi tena na unyevu wa ukuta wake. Kipakwe rangi nyepesi au kihamishiwe kivulini.

Mimea ya kuliwa na rangi za zamani

Chungu cha mrehani, mnanaa au kitunguu kisipakwe ndani rangi ya mafuta wala lami. Njia iliyo salama zaidi ni kuuacha mmea kwenye kopo au chombo chake cha plastiki chenye matundu, na kukiingiza ndani ya chungu kilichopakwa, kikiwa kimeinuliwa juu ya kigae ili kisikae majini. Njia hii huilinda pia rangi, kwa kuwa udongo wenye maji haugusi ukuta, nami ningeipendekeza kwa kila chungu ambacho mapambo yake yamegharimu kazi nyingi.

Kuhusu kukwangua, rangi za mafuta za zamani, hasa za manjano, nyekundu na kijani kikali, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni, lakini kopo la miaka iliyopita huenda halikukifuata. Rangi ya namna hiyo isipigwe msasa ikiwa kavu: ilowanishwe, ikwanguliwe juu ya gazeti mbali na watoto na kuku, na magamba yake yafungwe na kutupwa, yasichanganywe na udongo wa bustani. Chungu ambacho historia yake haijulikani kipewe ua, si mboga.